Siku moja ya kazi kwa wanafunzi wote wa Lubumbashi: barua ya wazi kwa viongozi wa vyuo vyetu

Kwa Waheshimiwa Marekta na Wakurugenzi Wakuu wa vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu za Lubumbashi,
Kwa Waheshimiwa Madekani na Wakuu wa idara,
Kwa ndugu zetu viongozi wa wanafunzi,

Wazazi wetu, ninawasalimu kwa heshima.

Mezani kwangu kuna barua tano. Zilifika ndani ya siku kumi na mbili, kila moja na muhuri wake, na zote zinamwomba mtu mmoja: mhandisi wetu wa umeme, aje kwenye siku ya kazi, azungumze na wanafunzi juu ya maisha ya kazi. Mbili zinamtaka Jumamosi ile ile, saa tatu ile ile ya asubuhi. Mimi niko ofisi ya wafanyakazi katika kampuni ndogo hapa mjini, inayopokea kazi kutoka kwa kampuni kubwa za madini, na barua za namna hii hupitia kwangu kwanza. Nilipompelekea, ya kwanza aliisoma, ya pili akaisoma, ya tatu akautazama muhuri tu. Akaniuliza: “Dada, njo bale bale?”

Sio wale wale. Ni vikundi vitano vya wanafunzi, na vitatu kati yake viko katika chuo kimoja, majengo yao yanatazamana. Mhandisi alifikiri kidogo, akasema akienda kwa mmoja, wale wanne wataona amewabagua. Akienda kwa wote, mkubwa wake atauliza nani anamfanyia kazi yake. Hakwenda popote. Barua tano za kukataa niliziandika mimi mwenyewe, kwa maneno ya adabu, na kila moja iliniuma. Ndiyo sababu ninawaandikia hii ya sita.

Iliniuma kwa kuwa miaka minne iliyopita mimi ndiye niliyekuwa mwenye kuomba. Tulikuwa wanane kwenye kamati. Tulichangisha pesa miezi miwili, tukakodi viti mia tatu, vipaza sauti na jenereta, maana umeme wa upande ule haukuaminika. Wageni watatu walikubali kuja. Asubuhi yenyewe, tukiwa bado tunafuta vumbi kwenye viti, tukasikia vipaza sauti vingine vinajaribiwa ng'ambo ya uwanja: moja, mbili, moja, mbili. Wenzetu wa fakulti nyingine walikuwa na siku yao ya kazi, saa ile ile, na hatukuwa tumeambiana. Viti vilivyokaliwa kwetu havikufika themanini.

Halafu zikaja hotuba. Ya kukaribisha, ya kufungua, ya kushukuru waliofungua. Zilichukua muda wa saa mbili na nusu. Mgeni wetu mkubwa, mtu wa mitambo, alikuwa ameombewa ruhusa kazini kwake mpaka saa sita. Alikaa mstari wa mbele bila kunung'unika, akitazama saa yake mara kwa mara, na ilipokaribia saa sita akainuka, akatushika mikono mmoja mmoja, akaondoka hajasema neno. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alimkimbilia mpaka kwenye gari. Alikuwa na daftari lenye maswali kumi na moja, ameyapa namba, mawili kwa wino mwekundu. Nilimwona ameinama dirishani anasoma la kwanza, na injini inanguruma. Lilijibiwa hilo moja. Mengine kumi alirudi nayo.

Kosa la siku ile lilikuwa letu kamati, na lilikuwa la waliotupangia ratiba, na lilikuwa la mpango mzima unaomwacha kila mmoja alime shamba lake peke yake. Huu mpango ndio ninaowaomba muubadilishe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hili liwe na uzito hivyo, wakati wazee wetu walipata kazi bila siku za mikutano. Ni kweli walipata. Shaba ya kwanza ilimiminwa katika kiwanda cha Lubumbashi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanza, na kwa vizazi vitatu mtoto wa hapa alijua kazi iko wapi kwa sababu alizaliwa ndani yake. Nyumba ilitoka kazini, posho ilitoka kazini, hospitali na shule zilitoka kazini. Babu yangu aliingia Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, kwa sababu baba yake alikuwemo, na aliyemfundisha kushika chombo alikuwa jirani yake wa mlango wa pili. Hakuna aliyehitaji kumweleza fundi wa mitambo ni nani. Alimwona kila jioni anarudi na nguo za kazi.

Dunia hiyo ilifungwa. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyoirithi Union Minière, waliondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Baadaye kampuni mpya zikaja, na leo Kongo ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile, na inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Kazi zipo, lakini zimetawanyika: Kolwezi, Likasi, Fungurume, na hapa mjini katika mamia ya kampuni ndogo kama yetu. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya kazi zinazogawiwa na kampuni kubwa imeziweka kazi hizo mikononi mwa kampuni za Wakongomani. Huko ndiko kijana anayemaliza masomo angeanzia, lakini majina ya kampuni hizo hayajui. Anajua nne au tano kubwa, anapeleka barua zake huko pamoja na wenzake elfu, anangoja.

Mtafiti wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 jambo ambalo mama zetu wa sokoni wangelikubali mara moja. Aliwauliza watu waliopata kazi kwa kupitia mtu wamemjua namna gani mtu huyo, na wengi walitaja mtu wa mbali, waliyeonana naye mara chache, wala si ndugu wala rafiki wa karibu. Sababu yake ni rahisi: rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua tayari. Habari mpya inaletwa na yule anayeishi kwingine. Sasa mtazameni kijana wa mitaa yetu ya Katuba au Rwashi ambaye wazazi wake wanauza makaa na unga. Ana ndugu wengi, ana majirani wanaompenda, ana kanisa. Mtu wa mbali hana. Mtoto wa mkubwa wa kampuni anaye tangu utotoni, aliketi naye mezani siku ya ubatizo. Tunapolalamika kwamba hapa kazi ni kujuana, tunasema kweli, na chuo ndicho mahali pekee panapoweza kumpa huyu wa Katuba wa kujuana naye kwa njia safi, mchana, mbele ya watu wote.

Kwa hiyo siku ya kazi ina kazi moja ya maana: kumkutanisha mwanafunzi na mtu asiyemjua, wakae karibu kiasi cha kusikiana, kwa muda wa kutosha. Jukwaa na kipaza sauti haviwezi hilo.

Niliwahi kuona inavyofanyika vizuri, mara moja, na ilikuwa ndogo. Vikundi vinne kutoka shule tatu viliungana kwa sababu hakuna kilichokuwa na pesa za kutosha peke yake. Hawakukodi ukumbi. Walipanga madawati chini ya miembe, dawati kumi na mbili, kila moja na mgeni mmoja na wanafunzi sita au saba wakimzunguka, na kila baada ya dakika ishirini mtu alipiga kengele ya baiskeli wakahama. Hotuba ilikuwa moja, ya dakika tano. Kwenye dawati la tatu alikaa mchomeleaji vyuma, mzee wa miaka hamsini na kitu, amekuja na vipande viwili vya chuma ndani ya mfuko wa simenti. Hakujitambulisha kwa vyeo. Aliwapa vile vipande wavishike, wapitishe kidole juu ya mshono. Akauliza: kipi kitavunjika? Wanafunzi wa uhandisi, mwaka wa nne, nusu yao walikosea. Mshono uliong'aa ulikuwa na matundu ndani; ule mbaya kwa macho ndio uliokuwa umeshika. Akawaonyesha namna ya kuusikiliza kwa kugonga na nyundo ndogo. Kijana mmoja aliyekuwepo pale aliniambia kwamba somo la vyuma alilielewa siku ile, baada ya mihula miwili ya kulisoma. Alimwomba mzee namba ya simu, na likizo iliyofuata alikuwa karakanani kwake.

Nimeitaja siku ile kwa sababu ilinifundisha kwamba ushirikiano una faida zaidi ya kugawana gharama. Kila fakulti ina kitu ambacho nyingine haina, na siku ya kazi inavihitaji vyote. Wanafunzi wa saikolojia wanajua kuendesha mahojiano. Waacheni wafanye ya majaribio na wahandisi, ambao wengi wao wanafika ofisini kwangu hawajawahi kuulizwa swali na mtu asiyewajua, wanatetemeka hata majina yao wanayasahau. Wanafunzi wa lugha wanajua Kiingereza, na wengine wamejifunza Kichina. Kampuni nyingi za huku wakubwa wake hawajui Kifaransa wala Kiswahili, na pale dawatini mkalimani angehitajika. Wa habari na mawasiliano watangaze. Wa uchumi washike hesabu ya pesa na waibandike ukutani kila mtu aione. Wa tiba na wa afya waeleze vumbi, kelele na moto vinafanya nini mwilini, kabla kijana hajasaini.

Na wa sheria, hao ninawaomba kwa namna ya pekee. Sheria yetu ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba mfanyakazi wa kutwa akishafanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa usio na mwisho. Inasema pia kwamba muda wa majaribio hauwezi kupita miezi sita, na kwa kibarua asiye na ufundi ni mwezi mmoja. Nimewauliza vijana wanaokuja kusaini kwetu kama wanajua hayo, na sijampata hata mmoja aliyejua. Wana shahada. Wamekaa miaka mitano katika chuo ambacho sheria hiyo inafundishwa ghorofa ya juu, na hakuna aliyeishusha ngazi. Dawati moja tu la wanasheria, na karatasi moja ya Kiswahili na Kifaransa, lingewafaa watu maisha yao yote ya kazi.

Sasa niseme ninachoomba, na ni kidogo.

Kwanza kalenda. Mkae mara moja kwa mwaka, mwanzoni, Marekta, Wakurugenzi na wajumbe wa wanafunzi, mkubaliane juu ya tarehe moja kubwa ya pamoja na tarehe chache ndogo zisizogongana. Mialiko kwa kampuni itoke mahali pamoja, barua moja, yenye mihuri yote mnayotaka, imwombe mtu mmoja mara moja. Mkipanga tarehe, tuulizeni sisi tulio kazini. Wiki ya mwisho ya mwezi msituite, tuko kwenye mishahara. Mwanzo wa Desemba msituite, wachimba madini wako kwenye sikukuu ya Mtakatifu Barbara tarehe 4, na baada ya hapo mwaka umekwisha. Kuanzia Mei mvua zimekatika na madawati yanaweza kukaa nje bila hema la kukodi. Na kila Juni mkutano wa DRC Mining Week unawaleta wenye kampuni hapa mjini kutoka Kinshasa, Johannesburg na mbali zaidi. Tiketi zao za ndege zimekwisha kulipwa na mtu mwingine. Kuwaomba wabaki mchana mmoja zaidi, kilomita chache kutoka hotelini kwao, ni jambo ambalo kundi moja la wanafunzi haliwezi kulipata, lakini vyuo vyote kwa sauti moja vinaweza.

La pili ni daftari, na hapa nisamehewe nikirefusha, maana ndipo mambo yanapofia. Kila kamati ya wanafunzi inaishi mwaka mmoja. Majina ya wageni, nani alikubali, nani alikataa na kwa nini, nani alitoa maji ya kunywa, bei ya viti, fundi wa jenereta asiyechelewa, vyote hivyo viko ndani ya simu ya mtu mmoja. Anamaliza masomo, anakwenda Kolwezi, simu inaibwa au laini inakufa. Kamati mpya inaanza tena kutoka sifuri, inagonga milango ile ile, na mtu wa kampuni anasema: lakini mwaka jana niliwapa mpaka namba yangu. Kila mwaka tunajenga nyumba mpaka kwenye lenta, kisha tunaibomoa. Ninaomba kuwe na daftari la makabidhiano, la karatasi, linalokaa katika ofisi moja yenye ufunguo na mtu wa kudumu anayeliwajibikia. Kamati inayoondoka isipewe shukrani wala cheti mpaka imekaa na inayoingia na kulipitia ukurasa kwa ukurasa. Na ndani yake iandikwe pia, miezi mitatu baada ya siku ya kazi, wangapi walipata staji, yaani mafunzo ya kazini, wapi, na kama wamelipwa nauli. Bila hesabu hiyo hatutajua kama tulifanya kitu au tulipoteza Jumamosi.

La tatu linahusu wasichana, nami ninalisema kama dada yao. Wako wanaoambiwa, wanapoomba staji, kwamba kuna jambo la kuzungumza faragha. Wako walioacha kuomba kwa sababu hiyo. Siku ya pamoja iwe na dawati la akina mama walio kazini, fundi, mhasibu, dereva wa magari makubwa ya mgodi, lililo mbali kidogo na mengine, mahali msichana anaweza kuuliza lolote na kuambiwa ukweli: ofisi ipi ya kwenda, karatasi ipi ya kudai, lini kuinuka na kuondoka. Na shughuli iishe saa tisa mchana. Anayekaa mtaa wa Kenya au wa Katuba anahitaji mabasi mawili kufika nyumbani, na giza la barabarani tunalijua.

Kiingilio kisiwepo kabisa. Mjini kuna watu wanaowauzia vijana fomu za kazi zisizo na kazi nyuma yake, na siku chuo kitakapowatoza wanafunzi ili waonane na kampuni, tutakuwa tumewafundisha kwamba ndivyo kazi inavyopatikana. Gharama zenyewe si kubwa vyakula vya wakubwa vikiondolewa. Wageni wetu wanakula nyumbani. Wape maji na kivuli.

Najua mtakachojibiwa mkilileta jambo hili kikaoni. Kila fakulti itataka jina lake liwe la kwanza kwenye bango. Chuo cha binafsi kitaogopa kumezwa na cha serikali, na cha serikali kitauliza kwa nini kiwabebe wengine. Wengine watahofia kukusanya wanafunzi wa shule nyingi mahali pamoja, kwa sababu ya fujo. Haya si maneno ya bure na siyadharau. Lakini kwenye miembe ile walikuwepo wa shule tatu, na waliogombana walikuwa wawili, juu ya nani ashike kengele. Uenyekiti uzunguke kila mwaka. Mahali pazunguke pia, mwaka huu kwenu, mwaka ujao kwa wengine. Na wanafunzi waachiwe kazi yenyewe, kupanga madawati, kuwapigia simu wageni, kushika muda, kwa kuwa anayepanga siku kama hiyo anajifunza kazi kuliko anayeihudhuria. Nilipoulizwa kwenye mahojiano yangu nimewahi kufanya nini, nilieleza siku ile iliyotushinda, viti mia tatu na watu chini ya themanini, na ndiyo jibu lililonipatia nafasi. Ninyi muwape tarehe, mahali, barua yenye uzito, na ulinzi pale mlango wa ofisi unapofungwa usoni mwao.

Daftari la kamati yetu ninalo bado. Nililihifadhi kwa sababu hakukuwa na wa kumkabidhi. Lina majina kumi na saba ya watu wa kazi: mafundi, wahasibu, wapimaji, mwanamke mmoja anayeongoza duka la vipuri. Mwezi huu nimewapigia simu wote. Wawili namba zao hazipatikani tena, watatu wamehama mji. Kumi na wawili wamekubali kuja, bila malipo, na yule aliyeondoka kwetu saa sita bila kusema neno ni mmoja wao. Wameniuliza kitu kimoja tu, tarehe, nami nimewaambia nitawajibu nikishajibiwa na ninyi.

Kwa heshima na matumaini,

Mhitimu wa Lubumbashi, mfanyakazi wa ofisi ya wafanyakazi